Hiari ya Mnunuzi Asiyemwona Muuzaji

Mauziano ni nini hasa? Je, ni kubadilishana mali na thamani yake tu, au ndani yake mna ahadi kati ya watu wawili isiyokwisha kwa kupokeana? Swali hili ni la kale katika elimu ya dini na katika falsafa, lakini limepata uzito mpya katika zama hizi ambapo mahali penyewe pa kuuzia panatoweka. Duka kubwa, yaani jengo moja lenye idara nyingi ambamo mtu huweza kununua nguo, vyombo, samani na vyakula bila kutoka nje, lilikuwa kwa zaidi ya karne moja alama ya mji uliostawi, na sasa linafungwa nchi baada ya nchi. Sears ya Marekani iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2018, na Debenhams ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1778, ilifunga maduka yake ya mwisho mwaka 2021. Afrika Mashariki nayo imeyaona hayo kwa macho yake: Shoprite iliondoka Tanzania mwaka 2014 na kuiachia Nakumatt maduka yake, Uchumi ikafunga yake mwaka 2015, Nakumatt yenyewe ikaanguka ndani ya miaka michache baadaye, na Game ikaondoka mwaka 2022. Wachumi wameeleza sababu za anguko hilo, kuanzia madeni na kodi za pango hadi ujio wa biashara ya mtandaoni. Lililozungumzwa kidogo ni upande wa maadili: duka lilibeba wajibu gani kwa mnunuzi, na duka likiondoka wajibu huo unamwangukia nani.

Tingi, kata ya Wilaya ya Kilwa katika Mkoa wa Lindi, panafaa kuulizwa swali hili kwa sababu duka kubwa la namna hiyo halikupata kufika. Wakazi wake, ambao wengi ni Waislamu na wengi huishi kwa ufuta, korosho, nazi na mihogo, wametoka kwenye duka la jirani lenye kaunta ya mbao, ambamo mafuta ya kula hupimwa kwa kikombe na sukari huuzwa robo kilo, wakaingia moja kwa moja kwenye simu ya mkononi, ambamo gauni au redio iliyoko Kariakoo, Dar es Salaam, huonekana kwa picha, hulipiwa kwa muamala na hufika kwa basi. Hatua ya katikati, ile ya jengo kubwa lenye bei zilizobandikwa, imerukwa. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua ni nini kilichopotea katika mabadiliko haya hawezi, akiwa Tingi, kujibu kwa kulilia ngazi za umeme na madirisha ya vioo. Analazimika kuangalia kiini cha mauziano chenyewe.

Fikihi ya Shafi'i, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu kwa madhehebu yaliyoenea pwani yote ya Waswahili, ina mengi ya kusema juu ya kiini hicho, na kinyume cha inavyodhaniwa na wengi, haianzi na bei. Inaanza na watu. Nguzo za mauziano ni wenye kuuziana, kinachouzwa pamoja na thamani yake, na tamko, ambalo wanazuoni huliita sigha, yaani kauli ya muuzaji ya kutoa na kauli ya mnunuzi ya kukubali. Kwa msimamo mkali wa madhehebu, kupeana mkono kwa mkono bila kusema neno hakutoshi, kwa kuwa ridhaa ni jambo la moyoni lisiloonekana, na ulimi ndio shahidi wake. Hata hivyo Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa pwani hii kwa vizazi vingi, aliafiki kwamba kupeana kimya kimya kunatosha pale desturi ya watu inapokuhesabu kuwa ni kuuziana. Juu ya tamko hilo imejengwa hiari ya kikao, yaani haki ya kila mmoja wao kuvunja mapatano maadamu bado wako pamoja na hawajaachana, haki inayotegemea hadithi ya Mtume iliyopokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Maliki na Abu Hanifa hawakuikubali hiari hii, kwa hoja kwamba mapatano yakishatamkwa yamefunga, lakini Shafi'i aliishikilia. Kwa mtazamo wake, mauziano yana muda na mahali, na ndani ya muda huo watu wawili wanaendelea kutazamana huku kila mmoja akiwa huru kusema kwamba amebadili nia. Uhuru huo haudai sababu. Mnunuzi hahitaji kuonyesha kasoro wala muuzaji hahitaji kutaja hasara. Kuwapo kwao pamoja kunatosha.

Kwamba kuwapo huko kulithaminiwa na wafanyabiashara wenyewe, si na wanazuoni peke yao, kunajulikana kutokana na habari za safari za Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mogadishu alikuta desturi ambayo kwayo kila mfanyabiashara aliyeshuka kutoka chomboni alichukuliwa na mwenyeji mmoja wa mji, akakaa nyumbani kwake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Mtu aliyemuuzia mgeni pasipo mwenyeji wake kuwapo, au aliyenunua kwake kwa bei ya kumpunja, mauziano yake hayakuhesabiwa kuwa kitu. Kutoka huko alisafiri hadi Kilwa, mji uliokuwa chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye anayehusishwa na ujenzi wa Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya mwamba wa bahari ambalo ua wake wa kusini, uliozungukwa na vyumba vingi, mwanaakiolojia Neville Chittick aliufasiri kuwa ni mahali pa bidhaa na biashara. Kilwa basi ilijua, karne tano kabla ya Paris, jinsi ya kukusanya mali nyingi ndani ya kuta moja. Lakini mali hiyo ilibadilishana mikono kati ya watu waliojuana kwa majina, au waliodhaminiwa na mtu anayejulikana, na wajibu ulikuwa na nyumba ya kubishiwa hodi.

Duka kubwa la karne ya 19 lilivunja mpango huo kwa makusudi, na haki inadai kukiri kwamba lilikuwa na sababu njema. Aristide Boucicaut, aliyeingia ubia katika Le Bon Marché ya Paris mwaka 1852, alijenga biashara yake juu ya bei moja iliyoandikwa, ruhusa ya kuingia na kutazama bila kulazimika kununua, na haki ya kurudisha bidhaa. Mizizi ya bei moja ni mirefu zaidi na ni ya kidini. Katika karne ya 17 Wakristo wa kundi la Marafiki, ambao kanisa lao lilikuja kufika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, walikataa kupatana bei, wakifuata mafundisho ya George Fox kwamba mtu anayetaja bei asiyokusudia kuipokea anasema uongo, na kwamba uongo wa sokoni ni dhambi sawa na uongo mwingine. Mtoto aliyetumwa dukani, walisema, auziwe kwa bei ileile anayouziwa mtu mzima. Hoja hiyo ni nzito, na yeyote aliyemwona mama wa kijijini akitozwa zaidi sokoni kwa sababu tu ya lafudhi yake hawezi kuipuuza. Pamoja na hayo, bei iliyoandikwa ilifanya jambo jingine ambalo Marafiki hawakulikusudia. Ilimwondolea muuzaji haja ya kusema na mnunuzi haja ya kujibu, na ikageuza ridhaa kuwa kitendo cha kimya, ambacho Nawawi alikiruhusu kwa ajili ya desturi na madhehebu yakakitilia shaka. Georg Simmel, mwanafalsafa wa Ujerumani aliyeandika juu ya falsafa ya fedha mwaka 1900, aliona katika kimya hicho uhuru: mtu anayelipa kwa fedha hafungwi na nafsi ya yule anayemlipa. Aliona pia gharama yake, kwamba yule asiyenifunga hana pia la kunidai wala la kunihurumia.

Hata hivyo, ukimya wa kistaarabu wa duka la Boucicaut ulisimama juu ya kitu kimoja ambacho hakipaswi kusahauliwa, nacho ni kwamba duka lilikuwa pale kesho yake. Haki ya kurudisha bidhaa, ambayo wanunuzi wa Paris waliiona kuwa ni ukarimu mpya, ilikuwa kwa hakika hiari ya kikao iliyorefushwa: jengo lilichukua nafasi ya uso wa muuzaji, na maadamu jengo limesimama, kikao hakijavunjika. Hapa ndipo anguko la maduka haya linapogusa maadili. Kinachoondoka pamoja na kuta ni mahali pa kurudi.

Pwani ya Lindi ilipata kujaribiwa kwa duka kubwa la namna nyingine, ambalo lilitoka serikalini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya jumla ilitiwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, lililogawanywa baadaye kuwa kampuni za biashara za mikoa, zilizojulikana zaidi kwa herufi RTC. Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973 ilipanga bei za bidhaa nchi nzima. Na mwaka 1976 Operesheni Maduka ilikusudia kufunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ya mpango huo ilikuwa ya kimaadili kwa kiasi ambacho vijana wa leo hawakidhani. Mfanyabiashara aliyepunja mizani alitazamwa kuwa mnyonyaji, na dawa yake ikadhaniwa kuwa ni kumwondoa yeye na kuweka bei ya haki mahali pake. Lakini ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980 bei ya haki ilikuwapo na bidhaa hazikuwapo. Sabuni, khanga, sukari na mafuta ya taa vilifika kwa mgawo, foleni zikawa ndefu, na mzigo uliobaki ukatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwa waliojuana na meneja au kwa walanguzi, hadi vita dhidi ya wahujumu uchumi vya mwaka 1983 na ulegezaji wa biashara ulioanza mwaka 1984. Somo la kipindi hicho kwa swali la hapa ni kwamba bei inayojulikana haitoshi kuwa uadilifu. Mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu tupu hakuwa na mtu wa kumwambia neno, kwa sababu aliyekuwa nyuma ya kaunta alikuwa mwajiriwa tu, na mwenye duka alikuwa taifa zima.

Baada ya hapo duka la mtu binafsi lilirudi vijijini, na hilo ndilo ambalo watu wa Tingi wenye umri wa makamo huliita duka. Si vyema kulipamba. Mwenye duka la jirani anajua nani ana fedha na nani hana, na ujuzi huo huweza kuwa rehema na huweza kuwa kamba. Msichana anayetaka kununua pedi mbele ya wazee waliokaa barazani angependa asionekane kabisa, na familia iliyogombana na mwenye duka hutembea mbali kutafuta chumvi. Hata hivyo duka hilo lina kitu ambacho wala Boucicaut wala RTC hawakuwa nacho, nacho ni daftari la madeni. Ni daftari la shule lenye kona zilizokunjika, limeandikwa kwa kalamu ya wino majina kama Mama Salma na Mzee wa Mnazini, na mbele ya kila jina kiasi kinachopungua wakati wa mavuno na kuongezeka wakati wa masika. Qurani inaamuru deni liandikwe, na inaamuru vilevile kwamba mdaiwa aliye katika dhiki angojewe hadi apate wepesi. Aya hizo mbili ziko karibu katika Sura ya Baqara, na daftari la duka la kijijini, pasipo mwenye duka kulifikiria sana, huzitekeleza zote mbili kwenye ukurasa mmoja. Kungoja kunawezekana kwa sababu mwenye kudai anamwona mdaiwa akipita na jembe, na anajua ufuta wake umepukutika au umesimama.

Simu imechukua kazi ya daftari pia, na hapa hasara inapimika. Mikopo midogo inayotolewa kwa simu hutoka kwa sekunde chache na hurudi kwa tarehe isiyojua masika wala kiangazi, ikiwa na ada ambayo wanazuoni wengi wanaihesabu kuwa riba, yaani nyongeza iliyoshurutishwa juu ya deni. Ile inayotozwa kwa ukali zaidi watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, na mwishoni mwa mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni. Anayekopesha hapo hana uovu zaidi ya mwenye duka. Yeye hamwoni mdaiwa, na asiyeona dhiki hana njia ya kuingojea.

Vivyo hivyo kwa bidhaa zenyewe. Mkazi wa Tingi anayenunua kwa simu hununua kitu kisichokuwapo mbele yake, ambacho fikihi hukiita cha ghaibu, na kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi'i ni kwamba kuuza kitu cha ghaibu ambacho mnunuzi hakupata kukiona hakusihi, kwa sababu ya gharari, yaani utatanishi unaomfanya mtu aridhie asichokijua. Wafuasi wa Abu Hanifa wanaruhusu, kwa sharti kwamba mnunuzi akikiona kitu ana hiari ya kukikataa. Mlango ambao Mashafi'i wenyewe wameuacha wazi ni wa salam, mauziano ya kitu kinachoelezwa sifa zake kwa ukamilifu na kuachwa katika dhima ya muuzaji, huku thamani yake yote ikilipwa palepale kikaoni. Chuo cha Kimataifa cha Fikihi, kilichokutana Jidda mwaka 1990, kiliamua kwamba mapatano yanayofungwa kwa maandishi, kwa simu na kwa vyombo vya kompyuta ni sahihi, lakini kikaitoa salam nje ya hukumu hiyo kwa sababu ya sharti la kulipa palepale. Wakati huo hapakuwa na simu iliyoweza kuhamisha fedha kwa kufumba na kufumbua. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Kwa muamala wa leo sharti la malipo limekuwa jepesi kuliko yote, na ugumu umehamia kwenye sifa. Picha ya viatu si maelezo ya viatu. Haisemi kama soli imeshonwa au imegandishwa kwa gundi, haitaji kipimo kwa namba ambayo kila kiwanda kinaielewa sawasawa, na mara nyingi si picha ya viatu vitakavyotumwa, bali ya viatu vya mtu mwingine vilivyopigwa kwenye mwanga mzuri. Mtume, kwa mujibu wa hadithi aliyoipokea Muslim, alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta unyevu chini ya ukavu wa juu, na akamkemea mwenye kuuza kwa kuficha kilicholowa badala ya kukiweka juu watu wakione. Mnunuzi wa picha hana mkono wa kutia.

Jambo hili linakuwa zito zaidi kwa sababu yule anayeonyesha picha mara nyingi hana bidhaa. Katika biashara ya Kariakoo amezuka winga, kijana asiye na duka wala mzigo, ambaye huchukua picha kwenye maduka ya wengine, huzirusha kwa wateja wa mikoani, na akipata aliyelipa ndipo huenda kununua, akibakiza tofauti ya bei ambayo huitwa cha juu. Vijana wengi wa kazi hii ni wa mikoa ya kusini, jambo lisiloshangaza katika pwani ambayo jina la watu wake, Wamachinga, limekuwa jina la wachuuzi wote wa Tanzania. Kazi yao ni ya jasho: hupanda ghorofa, hulinganisha bei, hubeba mizigo kichwani hadi stendi. Lakini sura ya mauziano yao inafanana kwa namna ya kushtua na swali ambalo Hakim bin Hizam, mfanyabiashara wa Makka, alimuuliza Mtume: kwamba mtu humjia akitaka kitu ambacho yeye hana, naye humuuzia kisha akaenda kukinunua sokoni. Jibu lilikuwa asiuze asichokuwa nacho. Wanazuoni walieleza hekima yake kwamba muuzaji wa namna hiyo anapata faida ya kitu ambacho hakupata kuibeba hatari yake, na anaahidi asichokiweza, kwani bei sokoni inaweza kupanda au kitu kikakosekana, na hapo huanza ule uzito wa kusema kwamba rangi ile imeisha, je, nikuletee nyingine?

Ni makosa kuhitimisha kwamba winga hana nafasi katika biashara ya halali. Fikihi ina jina la kazi yake ikifanywa wazi, nalo ni uwakala wa ujira, au udalali, ambao pwani hii imeufahamu tangu zama za mwenyeji wa Mogadishu. Wakala husema: kitu hiki ni cha fulani, bei yake ni kadhaa, na ujira wangu wa kukitafuta na kukisafirisha ni kadhaa. Kati ya kauli hiyo na ile ya cha juu kinachofichwa hakuna tofauti ya shilingi hata moja, na pengine mnunuzi wa Tingi atalipa kiasi kilekile; tofauti ni kwamba katika kauli ya kwanza anajua ni nani wa kumrudia kitu kikiharibika, na katika ya pili hajui. Winga aliyejifanya mwenye duka amechukua faida ya muuzaji bila kuchukua wajibu wake, na mwenye duka halisi, aliyemuuzia winga, hana habari kwamba Tingi kuna mtu mwenye redio isiyowaka. Wajibu umeanguka katikati na hakuna anayeuokota. Desturi ya kuandika chini ya picha kwamba bei ni ya kuulizwa faraghani inauongeza utata huu, kwa kuwa inamrudisha mnunuzi kwenye lile ambalo Marafiki walilikataa, bei inayobadilika kwa kadiri muuzaji anavyomkisia mtu, bila kumrudishia kikao ambacho kupatana bei kwa uso kwa uso kulikuwa nacho.

Inafaa kutaja kwamba mkulima wa Tingi anaujua utengano huu kutoka upande wa pili pia, kwa sababu yeye mwenyewe ni muuzaji asiyeonekana. Ufuta wake hupelekwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, huwekwa ghalani, naye hupewa stakabadhi, kisha huuzwa kwa mnada kwa kampuni ambazo hatapata kuziona. Hapo, hata hivyo, utengano umezungushiwa masharti. Ufuta ni mali ya aina moja ambayo sampuli yake hutosha kuieleza, na Mashafi'i wanakubali kwamba kuona sehemu inayofahamisha kilichobaki ni sawa na kukiona chote. Mizani hukaguliwa, uzito huandikwa, na ghala lina mtu anayewajibika kwa kilichomo. Malalamiko ya wakulima juu ya mfumo huo ni mengi na baadhi ni ya haki, hasa ya kuchelewa kwa malipo, lakini wana mahali pa kuyapeleka, na mikutano ya vyama vya msingi wakati wa msimu ni ushahidi kwamba huyapeleka kwa sauti kubwa. Ikiwa kampuni inayonunua ufuta wa Tingi bila kufika imewekewa ghala, mizani na stakabadhi, ni vigumu kuona kwa nini anayeuza gauni kwa mtu wa Tingi bila kufika asiwekewe chochote.

Sheria ya Shafi'i inatoa zana ya kufanya hivyo bila kungoja serikali. Pamoja na hiari ya kikao, ambayo kwa watu waliotengwa na umbali wa Kariakoo na Kilwa ni vigumu kuipima, ipo hiari ya kasoro, ambayo humruhusu mnunuzi kurudisha kitu mara anapogundua aibu iliyokuwamo kabla ya kukipokea, na ipo hiari ya sharti, ambayo kwayo wenye kuuziana hukubaliana kwamba mmoja wao au wote wawili wana haki ya kuvunja mapatano ndani ya muda usiozidi siku tatu. Siku tatu zinatosha kwa basi la Dar es Salaam kushusha kifurushi kando ya barabara kuu, kwa mwenyewe kukifungua, kujaribu kilichomo, na kukirudisha kwa basi la siku inayofuata. Gharama ya kurudisha inaweza kugawanywa kwa makubaliano. Muuzaji anayeweka sharti hilo kwa hiari yake amerudisha, kwa maneno machache ya ujumbe wa simu, kitu ambacho Boucicaut alikijengea jumba zima.

Linabaki suala la njiani, ambalo katika wilaya ya Kilwa si la nadharia. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani mwanzoni mwa Mei 2024, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika maeneo ya Somanga, magari yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Kifurushi cha nguo kilichofungwa kwa selotepu na kuandikwa namba ya simu kwa maka peni, kikilowa au kupotea katika hali kama hiyo, ni cha nani? Madhehebu yanasema kwamba kitu kilichouzwa kiko katika dhamana ya muuzaji hadi mnunuzi akikabidhiwe, na kikiangamia kabla ya hapo kwa jambo lisilo la mtu, mauziano yanavunjika na thamani inarudi kwa aliyelipa. Lakini mnunuzi akiwa ndiye aliyemwambia muuzaji ampe konda wa basi fulani, basi konda amekuwa wakala wake, na kukabidhiwa konda ni kukabidhiwa yeye. Na ikiwa ni muuzaji aliyechagua basi kwa urahisi wake, konda ni wakala wa muuzaji na hasara ni ya muuzaji. Hukumu zinapishana kabisa kwa neno moja lililosemwa au lisilosemwa kabla ya muamala, na kwa desturi ya sasa halisemwi. Kila upande huamini kwamba hasara ni ya mwenzake hadi siku inapotokea. Kwa sababu muuzaji ndiye anayeyajua mabasi, ndiye anayefunga mzigo, na ndiye ambaye fedha tayari ziko mikononi mwake, wajibu wa kulitaja neno hilo kwanza ni wake, na litajwe kabla mnunuzi hajaingiza namba ya siri.